Minazi ya bustani yetu haitachipua

Mhariri,

Jumanne iliyopita nilipita kwenye ile bustani ndogo ya karibu na ufuo hapa Malindi, nikakuta vibarua wako juu ya ngazi na mapanga, wanapunguza minazi ya mapambo. Miwili ilikuwa imeshanyolewa makuti yote, yakabaki yale machanga ya katikati. Wa tatu ulikatwa mpaka kichwa. Nikauliza. Kijana aliyeshika ngazi akanijibu kwa adabu, "Mzee, itachipua tu. Si tuliukata ule mwarubaini mwaka jana, na sasa una kivuli?"

Mwarubaini ni kweli. Uache gogo, mvua ikinyesha umejaa vitawi. Mnazi hauna ujanja huo, wala hii ya mapambo. Uhai wake wote uko mahali pamoja, ndani kule juu, panapotokea kuti changa. Pakikatwa pale, kilichobaki ni nguzo inayosubiri kuoza. Mwenye shamba la minazi yeyote analijua hili, kwani chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, huuangamiza mnazi kwa kutoboa papo hapo.

Na kazi yenyewe haikuhitajika! Minazi ile, ambayo asili yake ni Cuba na sehemu za jirani, hujisafisha yenyewe. Kuti likizeeka hujibandua pamoja na ala yake, ikabaki ile shingo ya kijani, laini kama iliyopakwa rangi. Nakubali kuti lile ni zito na likimwangukia mtu ni balaa. Basi yasogezwe mabenchi mawili. Ni kazi ya asubuhi moja.

Marehemu babu yangu alikuwa miongoni mwa vibarua walioipanda kabla ya Uhuru, ikiwa bado ya kufika magotini. Alituambia aliimwagilia miaka mingi kabla hajaketi kwenye benchi hata moja la bustani ile. Alipoanza kuketi hakuacha tena. Kila alasiri alikuwa pale na kahawa yake, na sisi wajukuu alitufundisha kusoma mashina.

Maana shina la mnazi si kama la mwembe. Halina gome la kufunika jeraha, kwa hiyo lililotendwa hubaki. Mnazi ulio upande wa barabara una kiuno, mahali shina limebana ghafla kisha likapanuka tena. Babu alikuwa akikinyooshea bakora na kusema, "Ule ni ukame wa 1984." Chini yake kuna misumari. Nimeihesabu mwenyewe, ni kumi na tisa, yote imeliwa na kutu. Ni ya mabango ya kura, na ya zamani zaidi naikumbuka ikigongwa 1992, vyama vingi viliporudi. Mwembe ungekuwa umeshaimeza. Mnazi umeishika tu, kila mmoja na tundu lake.

Wageni hupelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, wakasimuliwa habari za 1498, wakapiga picha. Sawa. Ila na sisi tuna nguzo zetu, na moja ndiyo hiyo iliyokatwa kichwa.

Ninawaomba wanaohusika waiache ile miwili; kwa kuwa makuti machanga yamesalia, huenda ikapona. Ule wa tatu ushushwe mapema, kabla haujaoza ukaangukia watoto wanaotoka chuoni jioni. Na pale pake sioni haja ya kuagiza mche wa ng'ambo. Tuna mkoma, unaotupa miyaa ya vikapu, na tuna mkindu wa mikeka. Mimi ningechagua mkindu. Huo hutoa machipukizi chini shinani, basi hata vijana wakirudi na mapanga yao mwakani, utakuwa na pa kuanzia.

Mkazi wa Shela,
Malindi