Wanangu wa mazoezi ya Raskazone, mzani nimeuchukua mimi

Wanangu,

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa walio wa salamu hiyo. Nawaandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumeninyima usingizi wiki nzima.

Mwenzenu alipanda mzani mbele ya watu 18. Ikasomwa kwa sauti kwamba ameongezeka nusu kilo. Akatozwa faini ya shilingi 2,000, na mmoja wenu akamwambia, "Shoga, wewe unakula usiku." Akacheka nasi, akajifunga kanga yake, akaondoka kabla hatujaanza kutembea. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 32. Kicheko cha mtu anayejizuia kulia nakijua.

Mnamwonea, na nitawaambia kwa nini.

Mtu akianza kula kidogo, mwili haujui kwamba kuna harusi ya mdogo wake na gauni limeshashonwa. Unachojua ni kwamba njaa imeingia nchini. Basi unabana matumizi kama mama mwenye watoto sita mshahara unapokaribia kwisha: nguvu unazitoa kwa kipimo, na chakula unakidai kwa kelele. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994. Kazi yake ni kuupa ubongo habari za akiba iliyopo ghalani. Mafuta yakipungua, leptini nayo hushuka, na ubongo hupiga mbiu ya njaa hata kama sahani ndiyo kwanza imeondolewa.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaelekea ukingoni, vijana 36 wa kiume huko Marekani, wazima wa afya, walikubali kulishwa kidogo kwa muda wa miezi sita katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ili madaktari wajifunze namna ya kuwahudumia watu waliokondeshwa na vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakuwa walafi hata mmoja. Lakini walifika mahali pa kulamba sahani, wakakaa wanasoma vitabu vya mapishi, wakawa wakali, wakajaa huzuni. Waliporuhusiwa kula walikula na kula, na shibe haikuwajia. Sasa ninyi mnamwambia mwenzenu ashinde na tango na chai ya rangi, halafu usiku njaa ikimshinda mnasema hana msimamo!

Wala miili yenu si mmoja. Kuna anayechoma sindano ya uzazi ya miezi mitatu, ambayo kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito. Kuna mwenye shida ya tezi, kuna anayemeza dawa za muda mrefu, kuna anayekaribia kukoma hedhi. Nusu kilo ya Jumamosi inaweza kuwa maji tu ya siku za mwezi. (Sindano wala dawa asiache mtu kwa sababu ya barua hii. Nendeni kliniki mkaulize.)

Halafu kuna moyo. Mwaka niliomuuguza marehemu mume wangu nilinenepa kilo 11. Sikuwa na raha ya kula. Nilikuwa nikiamka saa nane usiku kumgeuza, nikitoka hapo silali tena, nakaa jikoni na chai ya maziwa na maandazi yaliyobaki, maana kilikuwa ndicho kitu pekee kilichonituliza. Mtu asiyelala vya kutosha njaa yake huongezeka, na anachokitamani ni sukari na mafuta. Laiti mwaka ule mtu angenipandisha mzani mbele za watu, nisingerudi tena. Nilichokuwa nakihitaji ni mtu wa kunipokea zamu usiku mmoja.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa lipo mikononi mwetu. Mwanamke wa hapa kwetu hapiki chakula chake, anapika chakula cha nyumba. Baba anataka wali wa nazi, watoto wanataka chapati, wifi akija pasipo soda ni lawama. Akijipimia kidogo anaulizwa, "Mbona umekonda, mume hakulishi?" Nilikuwa wodini miaka ya 1990, wakati ambapo mtu akipungua kidogo tu mtaa ulishamzika kwa jina la UKIMWI. Hofu ile haijaisha, imejificha tu. Kwa hiyo Jumamosi mnamcheka kwa unene, na Jumapili shangazi zake wanamlilia kwa kukonda. Asimame wapi?

Ninyi wenyewe ni mazingira yake. Watafiti waliwafuatilia watu 12,067 wa Massachusetts kwa miaka 32, wakaona kwamba rafiki wa mtu akinenepa sana, uwezekano wa mtu huyo naye kunenepa uliongezeka kwa asilimia 57. Sababu zake bado zinabishaniwa, lakini mimi naona mtu hula na hutembea na wenzake. Ndiyo maana nilifurahi mlipoanzisha kikundi hiki.

Basi hizo faini zilizokusanywa nunueni mbegu za mchicha na bamia, mgawane. Chai punguzeni sukari nyumba nzima, si kikombe cha mama peke yake. Waume waleteni Raskazone, na anayeogopa kutoka gizani apitiwe mlangoni kwake. Zile chai za kukata tumbo zinazouzwa kwenye simu ziacheni kabisa. Katika nchi kadhaa bidhaa za namna hiyo zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Na mwenye kilo 90 akipungua kilo nne na nusu tu, akadumu hapo, presha na sukari yake huanza kupata nafuu. Huyo hana deni la faini kwa mtu.

Mzani upo kabatini kwangu. Anayetaka kujipima aje nyumbani, tutafunga mlango, tutapima na presha.

Kwa mwenzenu nitakwenda Ijumaa baada ya alasiri. Yule aliyemtamkia neno lile naomba tuongozane.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Tanga