Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Chupa ya plastiki iwekewe hela

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira,

Salaam nyingi kutoka Kigogo, Dar es Salaam. Nina duka la rejareja hapa, si mbali na bonde la Msimbazi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mtaro ulio mbele ya duka langu unakuwa umejaa chupa za plastiki. Nyingi nazijua, maana nimeziuza mwenyewe. Ndiyo sababu ya barua hii.

Wiki mbili zilizopita alikuja mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Ni mtu ambaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi humkosi barabarani na fagio lake, na wanafunzi wake nyuma. Alitaka soda. Nikamtolea ya chupa ya kioo, ya baridi, matone yakiteremka ubavuni. Akaishika, akafikiri kidogo, akaniuliza: "Ya plastiki huna? Hii mpaka nikae hapa niimalize nikuachie chupa." Alikuwa anawahi daladala. Nikampa ya plastiki, akaondoka nayo.

Mwalimu yule si mnafiki, Mheshimiwa. Anayapenda mazingira kuliko watu wengi ninaowafahamu. Ila mapenzi hayo yakifika kaunta yanakutana na haraka, bei, na kile kilichomo kwenye friji. Na kilichomo kwenye friji hakuchagua yeye. Hata mimi sikukichagua sana, kwa sababu friji lenyewe ni la kampuni. Nimepewa kwa masharti kwamba nipange vinywaji vyao, na vya mbele viwe wanavyotaka wao. Siku hizi chupa za mbele ni za plastiki. Kwa hiyo tunapoambiwa kila siku kwamba wananchi wabadilike, naomba ukumbuke ni nani aliyepanga friji.

Wewe na mimi tumekua na kreti. Kreti moja, chupa 24. Ukienda kuchukua kreti iliyojaa, unapeleka tupu. Mtoto akitumwa soda, anakuja na chupa mkononi, na kama hana anaacha hela ya chupa. Chupa ikivunjika nyumbani ilikuwa kesi, mtu anaulizwa mpaka jioni. Hakuna aliyetuhubiria habari za mazingira wakati huo, lakini ni nadra sana kuona chupa ya kioo ya soda inaelea mtoni. Hata ikiwa tupu ilikuwa na hela ndani yake, na mwenye kiwanda aliitaka irudi. Sasa amegundua kwamba akitumia plastiki hana haja ya kuisubiri irudi, na gharama ya kuisubiri imehamia kwetu tunaozibua mitaro.

Tarehe 1 Juni 2019 mlipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wengi walisema Mtanzania hawezi kuishi bila rambo. Nami nilikuwa na wasiwasi. Wiki ya kwanza wateja walininunia, mmoja aliacha unga kaunta akaenda zake. Baada ya miezi miwili walikuwa wanakuja na vikapu na mifuko mbadala, bila kuambiwa na mtu. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa wameshaanza tangu 2006. Katazo lile lilifanikiwa kwa sababu sheria ilimshika kila mtu kwa pamoja: anayetengeneza, anayeingiza, anayeuza na anayebeba, na faini ya mbebaji peke yake ilianzia shilingi 30,000. Tabia ya mnunuzi ilibadilika kwa sababu kilichokuwa kaunta kilibadilika. Na pale usimamizi ulipolegea, nenda soko lolote leo uone: vile vifungashio vyepesi vinavyong'aa vinabebea nyanya na vitunguu kama rambo ilivyokuwa.

Niseme sasa kuhusu hizi siku za usafi za kampuni, kwa sababu nilishiriki moja na bado inaniuma. Kampuni moja ya vinywaji ilitualika wenye maduka kusafisha ufukwe. Tulipewa fulana zenye nembo yao, glovu na viroba. Tangu saa moja hadi saa nne nilikuwa nimeinama, nikivuta chupa zilizofukiwa mchangani, nyingine zimejaa mchanga hadi shingoni, na nembo iliyokuwa kwenye chupa hizo ndiyo iliyokuwa kifuani kwangu. Katikati ya kazi tukaletewa maji ya kunywa, kwenye chupa ndogo za plastiki. Tukapigwa picha na viroba vyetu, tukashukuriwa, tukarudi nyumbani. Vijana walioandaa siku ile walikuwa na nia njema, na mimi fulana ile niliivaa kwa moyo mmoja. Lakini wiki ileile nilimsikia mteja akimwambia mwenzake dukani kwangu: "Chukua hii, hawa wanajali mazingira."

Mheshimiwa, maneno yale yalinikosesha raha. Mteja yule alifanya kitu kizuri: alitaka hela yake iende kwa anayejali. Watu wa namna hiyo ni wengi kuliko mnavyodhani huko ofisini, nami nawaona kila siku. Imani yao ina thamani kubwa, na ilipatikana kwa asubuhi moja ya fulana, wakati mtaro wa mbele ya duka hauna aliyeujia hata mara moja.

Uwajibikaji kwa jamii haupaswi kuachwa uwe hisani ya siku moja. Kwenye madini mlishaliona hilo: tangu marekebisho ya sheria ya 2017, mwenye mgodi anatakiwa kuandaa mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji na kukubaliana na halmashauri. Mwenye kiwanda cha vinywaji naye ana mgodi wake, ni mitaa yetu. Kenya wamepitisha sheria ya taka mwaka 2022 inayombebesha mzalishaji jukumu la kifungashio chake hata baada ya kuuzwa. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza, kreti tulikuwa nayo.

Ninachokuomba ni kanuni itakayoweka hela ya chupa juu ya kila chupa ya plastiki ya soda na maji, irudishwe mteja akiileta duka lolote. Gari linaloleta mzigo ndilo liondoke na chupa tupu, kama lilivyokuwa likiondoka na kreti. Mwenye duka apate chochote kidogo kwa kazi ya kuzipokea. Vijana wanaopita alfajiri na viroba mgongoni, ambao leo wanauza plastiki kwa kilo kwa bei ya kukatisha tamaa, watapata hela ya maana kwa kila moja wanayoinama kuiokota. Soda ya kioo isiachwe ife. Iwe nafuu kuliko ya plastiki, ionekane mbele ya friji. Na anayeandika "rafiki wa mazingira" kwenye lebo aulizwe amefanya nini. Sheria ya Ushindani ya 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji, kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Najua wenye viwanda watasema bei itapanda na maduka hayana nafasi. Kuhusu bei, hela ya chupa inarudi kwa aliyeitoa. Kuhusu nafasi, nyuma ya friji langu kuna kona niliyokuwa napanga kreti tupu, futi nne kwa tatu. Nimeipima jana, sijaweka kitu.

Wako mtiifu,
Mwenye duka, Kigogo