Risala ya wapangaji wa Makorora kwa mgeni rasmi, siku ya kufunga mafunzo ya bajeti na madeni, Tanga

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Jiji letu. Ndugu Mtendaji wa Kata. Wenyeviti wa serikali za mitaa. Mashehe, wachungaji na wazee wetu. Wenye nyumba mliokubali kukaa jamvi moja na wapangaji wenu. Wapangaji wenzangu: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za mchana.

Karibu Makorora. Mgeni rasmi kwa kawaida huandaliwa ngoma. Sisi tumekuandalia madaftari, yale pale mezani yaliyofunikwa kitambaa. Majina tumeyaficha, hesabu hatukuzificha.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilizaliwa kwenye ugomvi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba moja, vyumba sita, mita moja. Huyu ana friji, yule anapiga pasi kila asubuhi, mwingine ana taa moja tu na anachangishwa sawa na wenzake. Siku umeme ulipokatika katikati ya futari, tulikaa barazani tukaandika nani anatumia nini. Ile karatasi ndiyo bajeti yetu ya kwanza, ingawa siku ile hakuna aliyeiita hivyo. Baadaye wakaja wapangaji wa Ngamiani na Chumbageni, wakiwamo wa nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, zile ambazo wazee bado wanaziita za Msajili, kwa sababu ya Msajili wa Majumba wa mwaka 1971. Leo tunawaaga wapangaji 27 waliomaliza mafunzo haya, wanawake 19 na wanaume 8. Wanaume wanasema walikuwa na kazi. Tumewasikia.

Tulipoanza tulidhani tutafundishana kubana matumizi. Madaftari yakatukatalia. Mama anayepika uji, mboga ya jana na unga wa kupima hana cha kubana. Tulichokiona ni kwamba fedha yetu inaingia kwa kutwa, na kodi inatakiwa kwa miezi sita. Chumba cha 40,000 kwa mwezi kinadai 240,000 kwa mkupuo, na mpangaji anayepata 8,000 kwa siku iliyo njema hajawahi kuzishika fedha hizo kwa pamoja. Basi anazitafuta kwa mtu anayezo, na huyo ana jina ambalo Tanzania nzima inalijua: kausha damu.

Mimi ninayesoma risala hii ndiye mfano. Nauza dagaa. Niliomba 200,000 ili nijazie kodi. Nikakatwa 15,000 za fomu, nikatoka na 185,000 mkononi. Rejesho likawa 10,000 kwa siku, siku 26, jumla 260,000. Wakati ule sikujua kwamba tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wala kwamba Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili zangu, ukomo huo ni 7,000. Mimi nilitozwa 60,000, achilia mbali fomu.

Tena, Ndugu Mgeni Rasmi, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukikua, mwangaza wake unaua mwangaza wa taa na boti zinalala. Mfanyabiashara wa dagaa anafuata mwezi wa angani, rejesho halina habari na mwezi. Mbalamwezi ilipoingia nikaruka rejesho la kwanza, la pili, nikachukua mkopo wa simu kulipia ule wa kwanza, na mwingine kulipia wa simu. Asubuhi moja walikuja vijana watatu wakabeba baiskeli ya mume wangu, na Tanga hii mnajua baiskeli ni nini. Mume wangu hakuwa anajua kuna mkopo. Alijulia pale mlangoni, mbele ya wapangaji wenzetu, akiwa na mswaki mdomoni.

Kwa hiyo somo letu la kwanza lilikuwa kusema. Jioni ya kwanza hakuna aliyetaja deni lake. Kila mtu alikuwa na jirani yake anayedaiwa. Majirani wa Makorora walikuwa na madeni mengi sana jioni ile. Ilichukua wiki tatu mpaka mzee mmoja wa Chumbageni akatoa barua ya malimbikizo ya kodi iliyokaa chini ya godoro miezi minne bila kufunguliwa. Tuliisoma kwa sauti. Deni lilikuwa dogo kuliko alivyoliogopa. Wanachama wawili wakamsindikiza ofisini, akapangiwa kulipa kidogo kidogo juu ya kodi ya kila mwezi, na mpaka leo hajaruka. Kusindikizana huko ndiyo kazi yetu kubwa. Mdaiwa akiwa peke yake huzunguka mtaa wa nyuma ili asionwe. Akiwa na wenzake huingia kwa mlango wa mbele.

La pili lilikuwa kuipanga foleni ya madeni. Tulikubaliana kwamba chakula na kodi vinatangulia, kisha deni linalokua kila siku, halafu ndugu na daftari la dukani, kwa kuwa deni la dukani halizai. Mwenye duka wetu, naye yuko hapa, alipinga kwa nguvu. Alisema na yeye ana watoto. Ni kweli, na hatujamaliza mjadala huo.

La tatu ni kodi ya siku. Siku za giza, kama 20 kwa mwezi, nikitia 2,000 kila siku, 40,000 imetimia hata boti zikilala. Tunatia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, kama vikoba. Kibubu cha nyumbani tulikijaribu kikashindwa. Kinavunjwa siku mtoto akihitaji sare ya shule, na nani atamlaumu mama huyo? Hapa tunawashukuru wenye nyumba wanne waliokubali kupokea miezi mitatu badala ya sita. Wanasema wanalipwa kwa wakati kuliko zamani.

Kuhusu sare, kuna sare nyingine. Madaftari ya akina mama yalionyesha mwezi mmoja ambao shughuli zilimeza fedha kuliko chakula: kadi za michango, kitambaa cha sare, fundi, na cha kumtunza bibi harusi. Hatukupiga marufuku, maana hapa ni Tanga na sisi wenyewe tunapenda raha. Tumekubaliana tu kwamba asiyeshona sare atakaa mbele sawa na aliyeshona. Ajabu, hilo ndilo azimio lililopigiwa vigelegele virefu kuliko yote.

Jambo dogo lakini linauma: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, anayekatwa ni anayenunua umeme. Sasa wanachama wetu wanatunza risiti na kukatana na mwenye nyumba kwenye kodi ya chumba.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto kubwa iliyobaki imo mfukoni, kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila kibali. Mwanachama wetu mmoja alikopa kwenye simu, akachelewa, na ujumbe wa kumwita tapeli ukatumwa kwa watu waliomo kwenye simu yake, mpaka kwa mwalimu wa mwanawe wa madrasa. Deni ameshalilipa. Kwa mwalimu hajarudi.

Binti wa mwanachama wetu anaishi Uingereza, katika nyumba ya kupanga ya halmashauri. Anatuambia huko mpangaji hupata mshauri wa madeni bila malipo, na tangu Mei 2021, England na Wales, mshauri huyo anaweza kumwombea mdaiwa siku 60 za kupumua: riba inasimama, wadai wanasimama, ila kodi ya mwezi unaoendelea lazima ilipwe. Hatukuja kuomba Uingereza. Tunaomba meza na viti viwili katika ofisi ya kata, siku moja kwa mwezi, akae mtu wa ofisi yako pamoja na mtu wetu, wasikilize wenye madeni kabla godoro halijabebwa.

Tunaomba pia utusaidie kusajiliwa kama kikundi cha kijamii cha huduma ndogo za fedha, daraja la nne, ili sanduku letu litambulike. Na kuhusu ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya Halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu: mkopo wake hauna riba, nasi tunauhitaji kwa mitaji, si kwa kodi. Andiko letu likiwa na kasoro, tunaomba tuambiwe kasoro ni ipi, tulirekebishe.

Kwa upande wetu tunaahidi kuleta madaftari haya ofisini kwako kila baada ya miezi mitatu, yakiwa yamepanda au yakiwa yameshuka.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuomba sasa uwakabidhi wahitimu vyeti vyao, kisha ufunue kile kitambaa. Daftari la juu kabisa ni langu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wapangaji.