Binamu, gitaa la mzee halipandi basi

Binamu,

Ujumbe wako umenifikia. Umemtuma yule mdogo wetu wa Uyole, kaja kaangalia viatu vyake muda mrefu, mwisho akauliza eti gitaa la mzee bado lipo? Na kama lipo, naweza kulifunga vizuri nikalipeleka stendi ya Nane Nane hapa Mbeya, likaja huko Dar na basi? Ungenipigia mwenyewe ningekujibu kwa simu. Umepitisha maneno kwa watu, basi na mimi nayapitisha kwa watu, na hawa wanaosoma ndio mashahidi wetu.

Lipo. Haliji.

Usinikumbushe kwamba alikuwa mjomba wako na alikupenda. Najua kuliko unavyojua. Alikuwa baba yangu, lakini solo alikufundisha wewe, mimi akanipa besi kwa sababu eti nina subira. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye barazani pale Iyunga, akikuwekea santuri alizoshuka nazo kwenye treni kutoka Kapiri Mposhi. Wenzake wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, waliteremsha mablanketi ya kuuza, yeye anateremsha bendi za roki za Zambia: WITCH, Ngozi Family na Musi-O-Tunya. Mama alikuwa anasema nyumba hii ina muziki hadi chini ya kitanda, ila haina sufuria kubwa.

(Kwa wageni wa mambo haya: Rais Kaunda aliagiza redio ya Zambia ipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95. Vijana waliokulia kwenye roki ya Uingereza, wengi wao kule kwenye migodi ya Copperbelt, wakaona dawa ni kuifanya roki yenyewe iwe ya nyumbani. Reli yetu ina kilomita 1,860 na ilijengwa kwa ajili ya shaba. Kwa mzee wetu ilikuwa ni njia ya santuri.)

Unakumbuka mpiga drams wa bendi yetu alivyokuwa hashiki mwendo wa bluzi, kila akianza anaishia kwenye chakacha? Mzee hakumgombeza. Alimpeleka stesheni akamwambia simama hapa, sikiliza behewa la mizigo likivuka maungio ya reli. Jamaa alirudi jioni ameshika, hajaukosea tena mpaka leo.

Na wewe ulikuwa mtetezi wetu, hilo silifichi. Mlevi akipiga kelele tuache muziki wa wazungu, unashika mike unamwambia mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, ni mtoto wa Unguja, kazaliwa kule 1946, na hiyo bluzi ni ya weusi wenzako, kaa chini unywe. Watu wanacheka, wanakaa. Sijapata mwingine wa kuwakalisha namna ile.

Lakini usiku ule wa baa ya Mwanjelwa, binamu.

Ilikuwa Julai, ile baridi ambayo watu wanakunywa bia na makoti mwilini. Ulikuwa umetoka kupasha vidole kwenye jiko la mchoma kitimoto, vinanukia mafuta, tukaanza ile bluzi ya pole ya mzee, ya E. Kodi (chords) tatu za gitaa, ba 12, yaani vipimo 12 vya muziki, zikiisha unarudi mwanzo. Nasema hadharani: sijawahi kukusikia ukipiga vile. Katikati ya mzunguko akaja mhudumu na kikaratasi cha mwenye baa, amekibana chini ya kisahani cha kachumbari. Kimeandikwa, "Rumba. Watu wanaondoka." Na kweli meza mbili zilikuwa zinaomba bili, nilikuwa naziona. Nikakuonyesha kwa jicho. Ukafumba macho. Nikasubiri mzunguko uishe, sikuukata, ndipo nikaingiza besi ya rumba. Drams zikanifuata.

Ukaacha kupiga. Ungevua mkanda kwa hasira ningeelewa. Uliuvua taratibu, ukalisimamisha gitaa la mzee mbele ya amplifaya, sauti iko wazi vilevile, ukashuka, ukapita katikati ya meza unasema samahani, samahani, hadi nje. Gitaa likaanza kuvuma lenyewe. Kwanza chini, halafu likapanda likawa ukelele mmoja usiokatika. Wateja wakadhani ni sehemu ya onyesho. Walipiga makofi! Mzee mmoja aliyelewa akapanda jukwaani, akachomeka noti ya elfu mbili kwenye nyuzi, akalipigia saluti. Fundi mitambo yuko nje anakula. Waya wa besi yangu haufiki kwenye amplifaya yako. Nimesimama pale napiga rumba, natabasamu kwa sababu ndiyo kazi, na gitaa la baba yangu linapiga mayowe.

Ndiyo maana siku hizi nikimsikia mtu anamtaja B.B. King, yule mpiga bluzi wa Marekani, nakukasirikia upya. Kila umeme ulipokatika ulikuwa unawasimulia wateja kisa chake. Kwamba mwaka 1949 kule Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana ukumbini wakapindua pipa la mafuta ya taa lililokuwa likiwaka kutia joto, moto ukashika, naye akiwa ameshatoka salama akarudi ndani kuchukua gitaa lake. Kesho yake akasikia ugomvi ulikuwa wa mwanamke anayeitwa Lucille, na magitaa yake yote akayaita Lucille. Ulikuwa unasimulia mpaka unalengwa na machozi. Usiku ule hapakuwaka hata kiberiti, binamu. Umeliacha likiwa na noti ya mlevi kwenye nyuzi.

Halafu nasikia huko unasema mimi ndiye niliyeiua bendi. Eti nilisaliti bluzi kwa sahani ya kitimoto.

Tuongee kiutu uzima. Vyombo vilikuwa vya kukodi, ukiondoa amplifaya yako. Mpiga drams alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Meza mbili zikiondoka, ya tatu inazifuata, na malipo yetu yalikuwa yanategemea mauzo, hilo ulilijua kabla hujapanda jukwaani. Muddy Waters mwenyewe, gwiji wa bluzi, alitoka Mississippi mwaka 1943 na gitaa kavu, akafika Chicago akakuta kelele za baa zinamfunika, akahamia la umeme. Mchana dereva wa lori, usiku mwanamuziki. Hiyo bluzi ya umeme unayoilinda ililazimishwa na walevi wasionyamaza. Na Jagari, mwimbaji wa WITCH, aliyekuwa kwenye santuri za mzee? Muziki ulipokuwa haulishi alifundisha, akachimba vito, na uzeeni akarudi jukwaani mpaka Ulaya. Hakuna aliyemwambia amesaliti kitu. Mimi nilibadilisha wimbo mmoja.

Nakushauri kama ndugu: kiburi ni kitamu ukiwa hujaoa. Hoteli unayopigia huko, nimeambiwa, inakupa orodha ya nyimbo, na imewekwa ndani ya plastiki isilowe. Kikaratasi cha Mwanjelwa kilikuwa na maneno matatu tu. Hapo sina la kuongeza, wewe ni mtu mzima.

Msibani hukuja. Rambirambi uliyotuma ilikuwa kubwa, sikuirudisha, ilinunua mchele. Mama alikuulizia, nikamwambia una mkataba. Siku ya kuondoa matanga nilitoa besi nikapiga ile ya E peke yangu, maana nani mwingine angeipiga? Bluzi bila solo hakuna anayejua kama ni bluzi. Wazee walidhani najaribu spika. Mmoja akaniambia, "Sasa inatosha, inafanya kazi."

Bendi ipo, kwa hiyo. Tunaanza na rumba, watu wakishiba na kulegea tunawachomekea roki moja, wakivumilia tunaongeza ya pili. Saa tano usiku meza za mbele zinakuwa zetu, ndipo tunapiga za mzee. Ungevumilia ungeyaona haya. Gitaa lake analipiga kijana mmoja wa Mafiati, mpole, ana adabu, anafika mapema. Anaukaza uzi wa tatu kupita kiasi. Baridi ikiingia unapanda zaidi, yeye hasikii, mimi nasikia usiku kucha. Nimemwambia, akaniambia, "Mkuu, mbona uko sawa?" Sina sikio la kumwonyesha, sikio ulilichukua wewe.

Mnaosoma mniwie radhi, nilitaka kuandika fupi.

Gitaa la mzee limetengenezewa funguo mpya mbili na linakaa kwangu, chumba cha mbele. Ukilitaka, lifuate. Jumamosi tunajaribu vyombo saa kumi na moja jioni. Mwenye baa ni yule yule na bado anapenda rumba, kwa hiyo usije na uso ule. Amplifaya yako nimeiuza, ilikuwa imeungua, fedha yake ipo. Kitimoto nalipa mimi. Bia utajinunulia.