Mama, paka mwenyewe ndiye hataki kuingia

Coventry, Uingereza, Desemba

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima, kazi inakwenda, na yale mafua yameshaniacha. Natumai wewe, Bibi na Dada hamjambo hapo Limbani, Wete, na mgongo wa Bibi umepata nafuu.

Ile sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili. Nimeona bora nikujibu kwa kuandika, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kusema. Dada kakwambia nimechukua paka nikamlaza nje kwenye baridi, nawe ukanikumbusha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Mama, hadithi ile nimeisikia kwako kabla sijaanza skuli. Yule mwanamke alimfungia paka wake, hakumlisha wala hakumwacha atoke akajilie vijidudu vya ardhini. Wangu mimi hajafungiwa. Siku niliyomfungia ndiyo siku niliyokosea, na hilo Dada hakukwambia kwa sababu nilimficha.

Huku paka hapatikani kwa kumrushia kichwa cha kibua. Nilikwenda kwenye nyumba wanakotunza wanyama waliookotwa, nikawekwa kitako nikahojiwa: unaishi na nani, kazini unarudi saa ngapi, una uwanja, barabara kubwa iko mbali kiasi gani? Ami alipokwenda kuposa hakuulizwa hivyo. Nikajaza fomu, nikalipa na pesa. Wale paka wazuri wa kulala mapajani walikuwa wameshachukuliwa wote. Kabakia huyu mmoja, kajikunyata nyuma ya kikapu, rangi yake kama karafuu zilizokauka vizuri, na sikio la kushoto limekatwa ncha. Nikadhani kapigana. Kumbe ndiyo alama wanayowawekea paka wa mitaani waliokwisha kufungwa kizazi, ili wasikamatwe tena bure.

Nimempa jina la Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa kuwa ndiye aliyebakia jamvini baada ya watu kuchambua. Usicheke. Makonyo nayo yana mafuta yake, kawaulize kiwanda cha mafuta cha Wawi.

Tena ana kitambulisho! Kidude kama punje ya mchele kimetiwa chini ya ngozi, baina ya mabega, kina namba yake ya tarakimu 15. Tangu Juni 2024 ndiyo sheria hapa: paka wa kufugwa akifika wiki 20 awe nacho, la sivyo mwenyewe anaweza kutozwa faini mpaka pauni 500. Mwambie Mjomba, anayefuatilia chake mpaka leo.

Yule bibi aliyenikabidhi aliniambia wazi kwamba mtoto wa paka asipozoeshwa mkono wa mtu mapema, kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba hivi, akishakuwa mkubwa huwa tabu kumrudisha. Huyu kaokotwa mkubwa. "Mpe chakula kwa wakati, mwache," akasema. Nikaitikia, lakini moyoni nikasema huyu hajui, mimi mtoto wa Pemba, paka atanizoea tu.

Basi akaishi kwenye kibanda cha uwani wiki tatu ajue harufu ya mahali, kisha nikamfungulia. Hakuhama, ila mlangoni haji mpaka niondoke. Usiku mmoja wa Novemba majani yakawa meupe kwa barafu, huruma ikanishika. Mkono mtupu haulambwi, nikafungua kopo la dagaa wa mafuta, nikaweka sahani jikoni, nikajibanza nyuma ya friji kama mwizi. Akaingia hatua moja, akasimama. Hatua nyingine. Tumbo linagusa sakafu. Alipoinamia sahani nikausukuma mlango kwa mguu.

Mama, sijapata kuona. Hakulia hata mara moja. Alipanda pazia mpaka juu, likaanguka naye, akapita juu ya jiko, mtungi wa sukari chini, kisha akajipenyeza nyuma ya mashine ya kufulia na kubaki humo. Nilipoingiza mkono kumtoa, akanichana toka kifundo mpaka kidole gumba. Nilikaa sakafuni nikisikia anavyohema, pumzi fupi fupi, na dagaa mzima mzima kwenye sahani. Alfajiri nikafungua mlango nikakaa mbali. Alitoka kama kombeo.

Siku sita hakuonekana. Kila asubuhi nilikuta chakula kimeganda vilevile. Huo ndio ule wakati uliponiuliza kwenye simu mbona sauti yangu ndogo, nikakwambia mafua. Mafua yalikuwepo, lakini si yote.

Siku ya saba, maghribi, nilimkuta juu ya ukuta wa jirani kanigeuzia mgongo. Nikaweka sahani, nikagonga kikombe kwa kijiko kama Bibi anavyogonga sufuria kwa mwiko, nikaingia ndani. Tangu hapo sijagusa mlango.

Kuhusu baridi, lala usingizi. Nimempa sanduku la plastiki lenye mfuniko, tundu lake halifiki shibiri, ndani nimejaza nyasi kavu. Ile kanga uliyotaka nimtandikie siitii, maana kitambaa kinanyonya maji kikabaki na baridi, nyasi hazishiki maji. Na maziwa usiniambie tena, yanamharisha. Paka wengi wakishakua maziwa hayawafai, japo wenyewe hawajui.

Saa zake ni za jua. Mwisho wa Oktoba wenzetu walirudisha saa nyuma, yeye hakurudisha kitu. Sasa jua linazama saa kumi jioni, niamini, na maghribi yakiingia naye yupo. Nikirudi kazini nikachelewa, namkuta kakaa kwenye jiwe la mlango. Ananitazama, anafumba macho polepole, anafumbua. Nami nafumba. Ndiyo mazungumzo yetu.

Hebu muulize Bibi kuhusu yule shume wetu, aliyekuwa akilala juu ya majamvi ya karafuu adhuhuri tukimfukuza kwa ufagio. Nani alipata kumshika? Akisikia samaki anapaliwa magamba, huyo, na mfupa wake akaondoka nao. Hakuna hata mtu mmoja Wete aliyesema Bibi anamtesa. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha ya Sahaba Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, kwa kuwa hao ni katika wanaotuzungukazunguka. Wanatuzunguka, Mama. Huyu wangu anazunguka kwa mbali kidogo.

Pesa za dawa za Bibi nimemtumia Dada jana, na ya ziada ni ya mchele. Mwambie asinunue ule wa mara ya mwisho.

Picha uliyoitaka hiyo hapo. Sahani ni ile yako ya maua. Hicho cheusi pembeni ya mlango ni mkia.

Mwanao,
Saidi