Pa kununua na pa kukaa

Mombasa, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na pale ulipoanza kugombana na mwanao ukanisahau kwenye simu. Kwa hiyo waja Desemba kwa harusi, wataka kujua pa kununua vitu vya bi harusi na pa kuwapeleka watoto wasije wakakutoa roho, na bwanako kakwambia siku hizi kila kitu kiko kwenye mall za Nyali. Mwambie mall ina kiyoyozi na pakingi, basi. Mwezi uliopita tulikaa kwenye ngazi za moja wapo, mimi na dada, tukimngoja mtu. Askari akaja, kwa adabu kabisa, akauliza kama kuna kitu tumeagiza. Sitaitaja jina. Tangu siku hiyo naingia, nanunua unga na sabuni, natoka.

Kwa leso usijichoshe, ni Biashara Street tu. Mali ya Abdulla wapo palepale, wanauza leso tangu 1887, na bado watu huanzia kwao, wakazunguka maduka mengine kulinganisha, kisha wakarudi. Muuzaji akishazitandaza kaunta nzima, wajua tulivyo: twasoma jina kabla ya kutazama rangi, maana leso iwe nzuri vipi, ikiwa maneno yake ni ya kumsuta wifi huwezi kuipeleka harusini. Geuza upande wa nyuma uone kama rangi imepenya. Kisutu cha bi harusi nakuachia uchague mwenyewe, sitaki lawama. Na usitoke na doti hivyo hivyo, nje kwenye vibaraza vya maduka mafundi wako na vyerehani vyao. Fundi aikata doti katikati, apinda ncha kwa mashine ya mguu huku anaongea na mwenziwe wa jirani wala hatazami sindano, na kabla hujamaliza kuhesabu chenji ashakukunjia.

Hapo ni hatua chache hadi Marikiti. Hiliki, mdalasini, bizari ya pilau, vyote utapata huko nyuma, ila nenda na mtu wanayemjua, ama ongea Kimvita chako chote. Wakikuona umekaa Nairobi sana watakuuzia zafarani iliyo rangi tupu. Desemba ni msimu wa maembe, kwa hiyo boribo na ngowe zitakuwa zimepangwa hadi njiani. Soko la Kongowea usiende, isipokuwa unataka gunia zima, au mitumba, na mitumba yenyewe yataka ufike marobota yakifunguliwa, kabla wenye maduka hawajaondoka na kamera zote, yaani zile nguo nzuri za kwanza. Ukifika saa nne umebakiwa na za kupangusia gari.

Mji wenyewe utauona umebadilika rangi. 2018 kaunti iliamuru majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu. Mimi sikupenda mwanzoni, sasa nimezoea, ila nyeupe na vumbi la tuktuk haziivani. Pembe za Moi Avenue ziko vilevile. Watoto watataka picha, wapige. Waambie ni za alumini, si za ndovu, na zilisimamishwa 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza. Dakika tano zatosha. Bustani ya Uhuru iliyo hapo kando yafaa kwa kupumzisha miguu tu.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Mji huu wanaume wamejaaliwa. Jioni, ukipita Ngomeni au vichochoro vya Mji wa Kale, wamejaa barazani, dele la kahawa tungu kwenye makaa, kashata, siasa na mpira, na hakuna wa kuwauliza wameagiza nini. Sisi twapita tu na vikapu. Ndiyo maana bustani ya Mama Ngina, ile ya ufukweni, nimeisamehe ule ukarabati wa 2019. Wajua nilivyolalamika walipoingiza matingatinga, nikasema watatuwekea geti na kiingilio. Mibuyu ipo. Sasa kuna njia ya kutembea, na kuna pa kukaa mbele ya bahari, na mwanamke anakaa pale na buibui lake na wanawe hadi magharibi na hakuna anayemtupia jicho la vipi. Mihogo ya kuchoma ipo bado: yapasuliwa, yapakwa pilipili na ndimu, wapewa kwenye karatasi ingali yatoka moshi. Kachiri za watoto, dafu lako, na meli ya makontena ikipita kwenye mlango wa Kilindini karibu hata wadhani utamsalimia baharia. Kaskazi ikivuma mwezi huo ndio raha yake. Nenda baada ya alasiri, na siku ya kazi kama waweza, Jumapili ni vurugu tupu.

Watoto wapeleke Haller Park, Bamburi, siku moja nzima. Kiingilio wanalipisha, lakini kuna twiga wa kulisha kwa mkono na makobe wakubwa. Yule mkubwa wako anayependa sayansi mwambie pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ikashika, majani yake yakaanguka lakini hayakuoza, ndipo akaletwa jongoo kuyala. Mboji yote anayoikanyaga imepita tumboni mwa jongoo. Atacheka wiki nzima.

Ukija kwa treni kumbuka stesheni iko Miritini, si mjini, na madereva wa pale wakiona masanduku bei yapanda. Nipigie ukiwa Mariakani nimtume mtu. Na ile rangi ya sare niletee jibu wiki hii, maana mlisema doti thelathini na muuza duka ataka kuagiziwa mapema.

Wasalimie wote.

Shogayo wa Kibokoni