Kinachoua magugu kwenye shamba la mahindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowagusa wakulima wa Tabora kila msimu. Kwenye maduka ya pembejeo huku kwetu wateja huambiwa kwamba atrazini, dawa ya magugu inayopigwa kwenye mahindi, huunguza mizizi. Maelezo hayo si sahihi, na kosa lake lina gharama.

Mizizi huifyonza dawa hiyo bila kuungua, ikapanda hadi kwenye kloroplasti za majani, yaani vyumba vidogo ndani ya seli ambamo mmea hujitengenezea chakula kwa nuru. Humo, kwa kawaida, nuru inapoipiga klorofili (rangi ya kijani ya majani), elektroni, chembe ndogo yenye chaji ya umeme, hurushwa, na pengo lake huzibwa na elektroni inayotolewa kwenye maji, ambayo yakipasuliwa huacha oksijeni tunayovuta (wanafunzi wengi bado huandika kwenye mitihani kwamba inatokana na hewa ya kaboni). Elektroni iliyorushwa hupokelewa na kibebaji kiitwacho plastokwinoni, hupitia protini ziitwazo saitokromu na nyingine yenye shaba iitwayo plastosianini, kisha hufika kwenye kituo cha pili cha klorofili, ambako nuru huisukuma tena mpaka itumike kuunda NADPH, kibeba nishati kinachohitajika kutengenezea sukari. Mpangilio huo wa vituo viwili ulipendekezwa na Robin Hill na Fay Bendall mwaka 1960.

Atrazini hukalia nafasi ya plastokwinoni kwenye protini ya D1, ambako elektroni hupokelewa, mithili ya abiria asiye na tiketi aliyekalia kiti cha mwenzake katika treni ya Kigoma, na elektroni hukosa pa kwenda. Jua nalo haliachi kuwaka. Klorofili huendelea kupokea nishati isiyotumika, nishati hiyo huhamia kwenye oksijeni na kuifanya kali, nayo hushambulia tando za seli, hata gugu likafa kabla njaa ya kukosa sukari haijaliua. Mkulima makini ataona majani ya chini yakianza kugeuka manjano kwenye kingo, kisha yakikauka.

Mahindi hupona kwa sababu yana vimeng'enya vinavyoivunja atrazini upesi. Tumbaku na maharage havina kinga ya namna hiyo, na masalia ya dawa yakibaki udongoni yanaweza kudhuru zao linalofuata, huku mwenye shamba akilaumu mbegu.

Nawaomba wauza pembejeo na maafisa ugani wamuulize mkulima atapanda nini msimu unaofuata kabla hawajamuuzia dawa hiyo, na ukurasa wenu wa kilimo uliandike suala hili kabla ya mvua za Novemba.

Mwalimu wa Baiolojia,
Urambo, Tabora